Unasoma lugha mpya na haikai kichwani? Tukague dalili moja moja

Mwezi wa nne Moshi kazi ya mlima hamna. Mvua inapiga kuanzia Rau mpaka Machame, mlima wenyewe unaweza usiuone wiki nzima, wageni wamekwisha na sisi tunaoongoza wageni tunabaki mjini tunazihesabu hela za msimu uliopita. Ndo muda ambao mimi na wenzangu tunasoma Kijerumani. Tunakaa barazani kwa mama mmoja huko Rau, jioni tatu kwa wiki, kila mtu na kauntabuku lake, chupa ya chai katikati. Huu ni mwaka wa nne, na kila mwaka imekuwa hivo hivo, tunaanza kumi na mbili, mvua zikikata mwezi wa sita tumebaki wanne.

Mwaka jana nikaona nisikae kimya, nikawafuata waliokatisha mmoja mmoja, mwingine nikamkuta sokoni Mbuyuni, mwingine stendi, nikawauliza hasa umekwama wapi, na majibu nikayaandika vile vile walivyoyasema. Hakuna hata mmoja aliyesema hapendi Kijerumani. Karibu wote walisema kitu kimoja, kichwa changu kizito. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Mtu anaongea Kimachame na bibi yake, Kiswahili sokoni, Kiingereza na wageni, na akifanya kazi na Mrombo siku chache anaanza kumuelewa, alafu huyo ndo mwenye kichwa kizito? Lugha tatu zimeingia. Ya nne ikigoma, tuangalie namna inavyoingizwa.

Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, kama fundi wa gari ambaye hafungui injini kabla hajauliza inalia vipi. Tafuta dalili inayofanana na yako, fanya kipimo, alafu badilisha kitu kimoja tu na ukipe wiki mbili. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Mifano yangu ni ya Kijerumani kwa sababu ndo nachosoma, ila anayesoma Kifaransa au Kichina vyanzo ni vile vile.

"Nasoma usiku naelewa kabisa, asubuhi yamefutika"

Hii ndo inaongoza kwa mbali. Kipimo: jana usiku ulisomaje? Kama jibu ni "nilipitia daftari mara tatu" chanzo umeshakipata. Kupitia daftari kunadanganya sana. Ukiliona neno mara ya tatu macho yanalitambua, moyo unatulia, unajiambia hili nalijua, kumbe kulitambua neno lililoandikwa mbele yako na kulitoa kichwani wakati daftari halipo ni kazi mbili tofauti, na mlimani unaitwa kufanya ile ya pili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wasome, wengine wakayarudia kuyasoma tena, wengine wakayaweka pembeni wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima wenyewe wakawapita. Niliposoma hiyo ndo nikaelewa kilichokuwa kinatutokea sekondari, tunakremu usiku wa kuamkia mtihani, tunafaulu, tukirudi likizo hatukumbuki hata kichwa cha habari. Ile njia ilikuwa inafaa kwa mtihani wa kesho asubuhi na sisi tukadhani ndo kusoma kwenyewe. Mgeni haji kesho asubuhi, anakuja mwezi wa saba.

Na kusahau nako kuna mwendo wake. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akatoa matokeo, kwamba sehemu kubwa inapotea ndani ya masaa ya mwanzo tu, alafu kasi ya kupotea inapungua. Maana yake neno la leo usilisubirishe mpaka Jumapili. Lirudie kesho, likishika uliache siku mbili, alafu nne, unazidi kuliacha mbali kadiri linavyozidi kukaa.

Sisi tunatumia kadi. Nunua manila moja, kata vipande saizi ya kitambulisho, upande mmoja Kiswahili upande wa pili Kijerumani. Unaangalia Kiswahili, unasema Kijerumani kwa sauti, NDO unageuza. Usigeuze kabla hujasema hata kama unaona huna uhakika, sema ukosee, maana kule kulitafuta ndo kunakolifunga. Mpango wa mafungu uliandikwa na Sebastian Leitner mwaka 1972, yeye alitumia sanduku lenye vyumba vitano, sisi tunatumia rababendi tano. Fungu la kwanza unalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku mbili, la tatu siku nne, la nne wiki, la tano wiki mbili. Kadi ukiipata inapanda fungu, ukiikosa inarudi la kwanza, hata kama ilikuwa la tano. Inauma kuirudisha chini lakini irudishe. Mwenye simu nzuri kuna programu inaitwa Anki, ipo tangu 2006, hesabu hizo inazifanya yenyewe, kwenye Android ni bure na ukishaweka maneno yako haili bando. Mimi nimebaki na manila kwa sababu nikiandika kwa mkono neno linakuwa langu, na umeme ukikatika jioni nzima kadi bado ninazo.

Kadi mpya zisizidi kumi kwa siku. Kuna kijana wa Kiboriloni alikuja na moto, akakata kadi 300 ndani ya siku mbili, wiki ya pili fungu lake la kwanza lilikuwa nene kama tofali, kulimaliza kila siku hawezi, akaona aibu kuja bila kumaliza, akaacha. Na huyo alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko sisi wote. Mpaka leo naumia tulivyompoteza kwa kitu kidogo hivo.

"Kwenye kadi nalijua, mgeni akilisema silishiki"

Kipimo: chukua kadi zako kumi uangalie zina maneno mangapi mangapi. Zikiwa zote za neno moja moja, chanzo ndo hicho.

Hii nitaisema kwa kirefu kwa sababu imenigusa mwenyewe. Tulikuwa kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, jioni, tunajiandaa kwenda kileleni usiku. Mama mmoja mgeni akanishika mkono akaniambia "mir ist schlecht". Maneno yote matatu nilikuwa nayo kwenye kadi. Mir, kwangu. Ist, ni. Schlecht, mbaya. Nikadhani kuna kitu ni kibaya kwake, nikaenda kukagua hema, nikakagua godoro, nikamuuliza chakula kikoje. Kumbe Mjerumani akisema hivo anakwambia anasikia kichefuchefu. Nilielewa alipotapika. Alishushwa vizuri na akapona, lakini kule juu kichefuchefu si jambo la kuchelewa kuelewa hata dakika kumi.

Tangu siku ile kadi zangu ni sentensi. Mir ist schlecht. Mir ist schwindlig, nasikia kizunguzungu. Mir ist kalt, nasikia baridi. Ich habe Kopfschmerzen, kichwa kinaniuma. Ukizipanga hivo unaona "mir ist" yenyewe ni mlango, ukishaujua unapitisha mengi. Na zisome pande zote mbili, wiki hii kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani, wiki ijayo mtu mwingine akusomee Kijerumani wewe hujaiona kadi, useme Kiswahili. Masikio nayo yana mtihani wao.

"Naanza kwa moto, wiki ya tatu nimeacha"

Kipimo ni maswali mawili. Jana ulisoma saa ngapi? Juzi je? Kama masaa yanatofautiana kabisa, au jibu ni "nikipata nafasi", basi hujajenga mazoea, unategemea hamu. Na hamu ya kitu kipya haikai, hata kwenye mapenzi haikai.

Watu wanasema siku ishirini na moja inatosha kuzoea kitu. Mimi niliiamini hiyo na nikamkatisha nayo tamaa rafiki yangu bila kujua, maana siku ya ishirini na mbili bado alikuwa anajilazimisha, akaona yeye ana kasoro. Phillippa Lally na wenzake chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu wanaojenga mazoea mapya, matokeo yalichapishwa 2009: wastani siku 66, lakini mwingine 18 na mwingine ilikadiriwa 254. Na kitu kizuri zaidi walichokiona, kuruka siku moja hakukuharibu. Kwa hiyo ukikosa leo kesho endelea, usianze kulipa deni la kadi za siku mbili.

Kinachotusaidia sisi ni kuifunga lugha kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kufikiri. Mimi ni chai ya asubuhi. Maji yakiwekwa jikoni nachukua fungu la kwanza, chai ikiiva nimemaliza, ni kama dakika kumi. Dada mmoja wa Pasua yeye ni Hiace, akishakaa kwenye siti kadi zinatoka kwenye pochi, na pale stendi gari linavyosubiri kujaa ana muda kuliko wote. Chalii mmoja wa Arusha, Sakina, amefunga yake kwenye kupiga kiatu brashi kila jioni. Saa si muhimu, muhimu kile kitu kiwe kinatokea kila siku hata usipotaka. Na kiwango kiwe kidogo mpaka uone haya kukiruka, kadi tano tu zinahesabika.

Anayesema sina muda mara nyingi anafikiria masaa mawili ya Jumapili. Hayo masaa mawili gawanya kwa siku saba, ni dakika kumi na saba hivi kwa siku, na kwa vile nilivyoeleza kuhusu kusahau zinafanya kazi kubwa zaidi zikigawanyika.

Kingine kinachowaondoa watu wiki ya tatu ni matarajio. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani inafundisha wanadiplomasia wake lugha, na Kijerumani wamekiweka kundi la wiki 36 hivi, tena kwa mtu anayeongea Kiingereza tangu kuzaliwa na kazi yake kwa kipindi hicho ni kusoma tu. Kiswahili chetu kimewekwa kundi hilo hilo. Wewe unasoma dakika kumi na tano baada ya kazi, wiki ya tatu ndo kwanza unapasha misuli.

"Nikipanda mlima kila kitu kinakatika"

Hii ya kwetu watu wa utalii, ila dereva wa masafa na nesi wa zamu wataielewa. Unasoma vizuri wiki tatu, unapata safari ya Machame siku saba, mtandao unashika na kuachia, chaji unaitunzia simu za dharura, jioni mwili umekwisha. Ukishuka unalala siku nzima, unakuta mafungu yamelala yote, unaona aibu, unaahirisha, na hiyo ahirisha ndo inayoua, safari haijaua kitu.

Ukiwa mlimani usijifunze kipya. Beba kadi kumi tu mfuko wa kifuani kwenye koti, zile za kazi, na lengo lako kwa siku ni kutumia sentensi tatu kwa mtu halisi. Kama wageni wa safari hiyo ni Wakorea na Kijerumani hakina pa kwenda, basi sema kadi moja moyoni kila mnapopumzika. Ukishuka usianze na kadi mpya, anza na fungu la pili, lile ulilokuwa unaliweza nusu nusu. Huyo huyo Ebbinghaus aliona kwamba kitu unachodhani umekisahau kabisa, ukikisoma tena kinaingia kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Nimeliona kwa macho yangu. Mwenzetu alikaa miezi mitatu hajagusa kadi, kuanzia Juni msimu ulipoanza, akarudi mwezi wa tisa anasema anaanza sifuri. Ndani ya siku kumi alikuwa amerudi pale alipoachia.

Mpagazi ambaye ametoka kubeba kilo 20 siku nzima jioni namwambia alale. Hajashindwa chochote.

"Simu inanipongeza kila siku lakini kuongea siwezi"

Kipimo: zima simu, simama, eleza kwa dakika moja jana ulifanya nini, kwa lugha unayojifunza. Kama unakwama sekunde ya kumi, wakati programu inasema umefika siku ya 200 mfululizo, basi umekuwa unajifunza kuchagua. Unaletewa maneno manne, unabonyeza moja. Mgeni hakuletei manne uchague.

Usiifute, inasaidia kuanza na inakupa ratiba. Ila iongezee kitu kinachokulazimisha kutoa maneno. Sisi kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu anatuma voisi moja kabla ya kulala, nusu dakika, ameamka saa ngapi, amekula nini, kesho anafanya nini, hakuna kusoma kwenye karatasi. Wiki ya kwanza voisi zinakuwa na kimya kirefu, tunaambiana kimya kiacheni kiwepo.

"Naogopa kuongea, watanicheka"

Hapa sitapita haraka. Hii dalili chanzo chake mara nyingi hakipo kwenye lugha unayosoma leo, kipo nyuma. Kipimo: ukiwa peke yako chumbani unaweza kuisema sentensi vizuri, akitokea mtu inapotea? Kama ndiyo, maneno unayo. Kilichobaki ni woga, na woga tumefundishwa.

Shule niliyosoma mimi nilivalishwa kibao shingoni kwa sababu nimeongea Kiswahili wakati wa mapumziko. Siku nyingine nikajitahidi, nikasimama nikajibu kwa Kiingereza, nikakosea, darasa likacheka, na aliyesimama mbele akacheka nalo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kuanzia hapo nilikaa karibu miaka miwili sinyooshi mkono. Najua wengi mnaosoma hapa mna siku yenu kama ile. Watoto wetu tusiwafanyie hivo jamani, nasema kwa moyo wangu wote, mtoto akikosea lugha mwache amalize sentensi.

Barazani Rau tumeweka utaratibu ambao hauvunjwi. Mtu akiongea hakuna kumkatiza mpaka amalize, hata kama amesimama nusu dakika anatafuta neno. Akimaliza, mmoja tu anamsahihisha, na anasahihisha kitu kimoja tu, kile kilichozuia asieleweke. Mengine yataenda yakinyooka. Mzee wetu mmoja, amezeeka na mlima, alikuja mara ya kwanza akakaa kimya jioni sita. Ya saba akasema "Ich bin müde". Nimechoka. Kijana wa miaka ishirini akamjibu "Shikamoo mzee, hata mimi ich bin müde", watu wakapiga makofi, na tangu siku ile mzee haachi kuongea.

Kwa mtu anayeogopa, anza na sentensi za kukununulia muda. Wie bitte? Umesemaje? Noch einmal, bitte, rudia tafadhali. Können Sie langsamer sprechen, unaweza kuongea polepole zaidi? Ukiwa na hizi tatu mdomoni, hofu ya kutoelewa inapungua nusu, kwa sababu unajua ukikwama una pa kushika. Na kama kinachokutisha ni kumkosea mtu adabu, Kijerumani kina Sie ya heshima na du ya mtu wa karibu, na sisi tuliolelewa na shikamoo hilo tunalielewa haraka. Tumia Sie kwa mtu mzima mpaka mwenyewe akuambie muitane du.

"Kusoma nasoma, wakiongea nasikia kelele tu"

Chanzo, umejifunza kwa macho. Kipimo: soma aya moja uielewe, alafu umwambie mtu aisome kwa kasi ya kawaida wewe huangalii. Ukikosa maneno uliyoyaelewa dakika mbili zilizopita, dawa ni masikio, kuongeza kadi hakutasaidia.

Kwa Kijerumani tuna bahati ya ajabu hapa kwetu. DW, redio ya Ujerumani, inatangaza Kiswahili tangu 1963, wazazi wetu wameisikiliza, na hiyo hiyo DW inaweka habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, bure kabisa, na maandishi yake chini. Mimi nasikiliza kwanza taarifa ya Kiswahili ya siku hiyo. Nikishajua leo habari ni uchaguzi sehemu fulani au mafuriko sehemu fulani, nafungua ile ya polepole, dakika mbili tu, sio taarifa nzima. Mara ya kwanza bila maandishi. Mara ya pili na maandishi. Mara ya tatu bila tena, naongea nyuma ya msomaji kama mwangwi. Maana unayo tayari kutoka kwenye Kiswahili kwa hiyo kichwa kinabaki na kazi moja, kusikia. Pakua ukiwa kwenye waifai bando lisiishe.

Namba na saa zifanyie mazoezi yake peke yake, tena kila siku, maana hapo masikio yanatuangusha hata sisi wakongwe. Ishirini na tano wao ni fünfundzwanzig, tano inatangulia. Na saa! Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, wao hawahesabu hivo, alafu nusu wao wanaihesabia saa inayokuja. Saa nane na nusu mchana kwao ni halb drei, kama vile nusu ya kuifikia ya tatu. Kijana mmoja alitaka kuwaambia wageni tutawaamsha saa tano na nusu usiku, ambayo ni halb zwölf. Akageuza saa vizuri, akapata kumi na moja, ile nusu akaiweka kama ya Kiswahili, akasema halb elf. Hiyo ni saa nne na nusu. Wageni wakaamka wenyewe lisaa limoja mapema, wakakaa wamevaa viatu kwenye baridi wanasubiri, na usiku wa kileleni usingizi wa lisaa limoja una thamani kubwa. Saivi kila nikiangalia simu saa ngapi naitamka kwa Kijerumani kabla sijairudisha mfukoni.

"Der, die, das zinanichanganya"

Kijerumani kila jina linatanguliwa na der, die au das, ndo kama ngeli zao tatu. Wewe umejifunza jina likiwa peke yake, chanzo ni hicho tu. Wewe hakuna aliyekukalisha kitako ukiwa na miaka mitatu akakwambia mti upo ngeli fulani. Ulisikia mti huu, mti mrefu, mti umeanguka, jina likiwa na ndugu zake, mpaka leo mtu akisema "mti kimeanguka" sikio linakataa lenyewe. Mpe Mjerumani ngeli zetu utamwona anavyohangaika, sisi tumezaliwa nazo, kwa hiyo tatu hazitutishi. Kadi isiandikwe Berg, iandikwe der Berg, na chini der hohe Berg, mlima mrefu. Die Hütte, kibanda. Das Zelt, hema. Shule unayo tayari, ni die Schule ndo tulikoitoa, na hela imetokana na der Heller, sarafu iliyoanza kutumika hapa 1904 wakati wa Mjerumani. Maneno yanayoishia na -ung kwa kawaida ni die, yanayoishia -chen ni das. Zaidi ya hapo acha sikio lizoee.

"Kichwa kinauma nikisoma dakika kumi"

Kapime macho. Mama mwenye baraza yetu alikuwa anasema Kijerumani kinamuumiza kichwa, tukamsogeza karibu na taa, tukamwandikia kadi za herufi kubwa, mwishoni akapata miwani na habari ikaishia hapo. Angalia pia kama umekula. Watu wanakuja jioni hawajala tangu asubuhi.

"Nimefanya yote haya na bado hakuna kitu"

Basi uliza swali ambalo watu hawapendi kuliuliza, hii lugha unaisomea nini. Tulikuwa na mwenzetu, mtu wa bidii, hakosi jioni hata moja, kadi zake safi, sauti nzuri, na bado kila mwaka anabaki pale pale. Siku moja tukakaa naye tukahesabu wageni aliowaongoza msimu mzima. Wajerumani, wawili. Waliobaki karibu wote walikuwa Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini, maana kampuni anayofanyia kazi ndo wageni inaowapata. Alichagua Kijerumani kwa sababu sisi tunasoma Kijerumani. Alikuwa anapanda mlimani na kadi ambazo hakuna wa kumjibu, alafu anashuka anajilaumu.

Tulimwomba asituache, jioni zake barazani ziko pale pale na sisi tunamsikiliza hata kama hatumuelewi. Jumatatu iliyofuata alikuja na manila mpya, akakata vipande kumi, cha kwanza akaandika kwa kalamu nyekundu: me duele la cabeza. Kichwa kinaniuma.